Karatasi Tisa za Ufadhili wa Noela

Mbuke hakumwamini mtu anayesifia mawe kabla hayajasagwa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameishi kwa kazi moja tu: kukaa karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu upande wa Bugarama, na kutazama mawe ya watu wengine yakigeuka unga. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, akileta viroba thelathini vya mawe, yeye mwenyewe hana muda wa kukaa siku mbili akimeza vumbi na kelele za injini. Basi humtafuta Mbuke, humpa kigoda, humwambia akae hapo asibanduke mpaka unga wote utoke. Naye habanduki. Chai anakunywa hapo hapo, na akienda msalani huacha kitenge chake juu ya viroba na kumwambia kijana wa injini asimamishe mashine kwanza.

Alizijua mbinu zote. Kuna kijana aliyekuja kazini kila siku nywele zikiwa zimelowa mafuta, akasema ni dawa ya mba, kumbe jioni huziosha kwenye beseni na maji ya beseni lile hayamwagwi. Kuna aliyevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Kuna wale wasiopenda kugonga pipa la kusagia kwa nyundo mwisho wa kazi, ili unga ugande ubavuni, waje kuukwangua mwenye mawe akishaondoka. Mbuke huwaletea nyundo yeye mwenyewe. Vijana wa karashani walimpa jina la Kamera, wakamwita hivyo mbele yake, naye akaitika.

Alizaliwa Didia, kwenye karanga na mtama, akaletwa huku na mumewe, Marwa, Mkurya aliyekuja kutafuta dhahabu kama wengine. Siku moja Marwa alisikia kwamba Chunya kumelipuka, dhahabu mpya imeonekana, akaaga kwa wiki mbili. Simu yake haikupatikana tena. Mbuke alibaki na chumba kimoja cha kupanga na mtoto mmoja wa kike, Noela.

Mwezi Julai matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Noela alikuja mbio mpaka karashani. Kwa sababu ya kelele hakuweza kusema, akainua vidole vitatu. Mbuke alimtazama tu. Injini ilipozimwa ndipo akaelezwa: Daraja la Kwanza, pointi tatu, A katika Fizikia, A katika Kemia, A katika Hisabati, na kwamba hakuna matokeo yaliyo juu ya hayo nchi nzima.

"Nani amekuonyesha?" Mbuke aliuliza.

Noela akamwonyesha simu. Mbuke akataka kuona kwenye simu ya mtu mwingine. Akaonyeshwa kwenye simu ya kijana wa injini. Akataka ya tatu, ya mwenye karasha, mtu asiyemfahamu Noela wala shule yake. Namba ikawa ile ile, jina lile lile, A tatu zile zile. Ndipo Mbuke akaketi juu ya kiroba cha mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa kazini, akajifunika uso kwa kitenge.

Wiki tatu baadaye simu yake iliita. Sauti ya dada mmoja, laini kama ya redioni, ikasema hongera mama, binti yako ni hazina ya taifa. Mbuke akakata. Ikaita tena. Akasema namba ya siri hatoi, akakata. Hakuna wa kumlaumu. Hapa kila mtu ameshaambiwa ameshinda kitu, na kila mtu anamjua jirani aliyetuma hela ili apewe zawadi ambayo haikufika. Lakini safari hii haikuwa hivyo. Mara ya tatu simu aliipokea Noela, akaambiwa kwamba akifika chuo akifaulu tu inatosha. Barua ilifuata, ikapitia shule ya Noela na ofisi ya kata, ikiwa na mihuri miwili. Ilitoka kwenye mfuko mmoja wa ufadhili wenye jina refu kiasi kwamba watu waliuita Mfuko tu. Mfuko ulichukua watahiniwa wa sayansi wenye pointi tatu hadi tano, ukawalipia ada ya chuo, malazi, chakula, vitabu na kompyuta, miaka yote minne. Katika wilaya hii walichaguliwa watatu. Mzazi na mtoto waje kusaini Ijumaa, kwenye ukumbi mmoja wa Nyahanga, Kahama. Asiyefika, nafasi yake itapewa anayemfuata.

Noela alikuwa ameshapata chuo, uhandisi wa umeme, Dar es Salaam. Kilichokosekana ni nani wa kulipa. Fomu ya mkopo wa serikali alikuwa ameianza akaiacha njiani, kwa sababu barua ya Mfuko ilisema wazi kwamba mtu hawezi kuchukua vyote viwili. Kwa hiyo alikuwa ameweka kila kitu kwenye Ijumaa hiyo. Aliosha viatu siku ya Jumanne.

"Wanataka nini?" Mbuke alimuuliza.

"Hawataki kitu, Mama. Wanatoa kwa sababu ya alama."

"Mimi sijaona mtu analipia mawe halafu anakuachia mawe."

Noela alicheka, kisha akaona kwamba mama yake hatanii. Akaanza kueleza upya, polepole, kama mwalimu: kuna watu wenye uwezo, wanapenda kuwasaidia waliofaulu, ndivyo dunia inavyokwenda. Mbuke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni nani, katika watu wanaowafahamu kwa sura, aliyewahi kupewa ufadhili huo.

Alikuwepo mmoja. Abel, mtoto wa mzee Thobias. Miaka mitatu iliyopita aliondoka na ufadhili huo huo, baba yake akachinja ng'ombe, na mwaka uliofuata akarudi na begi lake. Mji mzima ulijua sababu. Wengine walisema pombe, wengine walisema kubeti, wengine wanawake wa Dar. Sasa alikuwa ndiye kijana wa injini hapo karashani, yule yule ambaye simu yake ilionyesha matokeo ya Noela. Mbuke alikuwa amekaa naye miaka miwili akitazama mikono yake, na hakuwahi kumkuta amebaki na punje ya unga. Hilo lilimsumbua. Mtu aliyeharibu maisha yake kwa kubeti, mbele ya dhahabu ya watu, mikono yake ingetulia vile?

Kesho yake mashine ilipopoa alimwita.

Abel alikaa chini, akafuta mafuta ya injini kwenye vidole. Kisha akasema, "Mama Noela, mimi sikufeli."

Alikuwa amefaulu masomo yote ya mwaka wa kwanza. Wastani wake ulikuwa tatu nukta nne, kati ya tano. Halafu ikaja barua: sharti la Mfuko ni tatu nukta nane, hujalifikia, ufadhili umekoma. Alipouliza sharti hilo liliandikwa wapi, akaonyeshwa karatasi yake mwenyewe, ukurasa wa sita, yenye saini yake na ya baba yake, na namba hiyo imeandikwa kwa wino.

"Nilipoisaini hapakuwa na namba," alisema. "Palikuwa na mstari mtupu. Tuliambiwa, nyie ni vichwa, kufaulu kwenu ni jambo la kawaida, mkifaulu tu inatosha."

Mbuke aliuliza kama ana nakala. Hakuna aliyepewa nakala. Akamuuliza kwa nini miaka yote hii amewaacha watu waseme ni pombe.

"Ningemwambia nani? Mzee ameshachinja ng'ombe, watu wamekula. Saini yake ipo pale. Ningesema nimeonewa, wangesema na kusoma karatasi pia nimeshindwa."

Mbuke aliirudisha habari hiyo nyumbani kama ilivyo, bila kuongeza neno. Noela hakuitaka. Alisema kila aliyefukuzwa chuo ana hadithi yake, na hajawahi kukutana na aliyesema nilifeli kwa sababu sikusoma. Alisema Mfuko una tovuti, una ofisi, una picha. Walibishana wakipika, walibishana wakila, na mwisho Noela akasema neno ambalo alilijutia kabla halijamaliza kutoka. Alisema mama anataka abaki hapa, wakae wote wawili karashani wakihesabu viroba vya watu.

Mbuke aliinuka. Alikusanya vyombo, akaviosha, akavipanga. Siku mbili zilizofuata walizungumza habari za maji na mkaa tu.

Ijumaa walikuwa Nyahanga saa tatu kamili. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, soda mezani, na bango refu lililofunika ukuta mzima wa mbele. Kulikuwa na mpiga picha. Kulikuwa na hundi kubwa ya karatasi ngumu, ndefu kama mlango, imeegemezwa ukutani ikisubiri kushikwa. Familia moja ilikuwa imeshasaini, imepigwa picha, imeondoka. Ya pili ilikuwa ya Charles, fundi baiskeli wa hapo hapo Nyahanga, na binti yake Zipora. Nao walikuwa wameshasaini, wanasubiri picha ya pamoja.

Mtu wa Mfuko alikuwa yule dada wa kwenye simu. Jina lake Violeth. Alikuwa kijana, nadhifu, na alimwamkia Mbuke shikamoo kwa kukunja magoti, si kwa mdomo tu. Mbuke akaitika marahaba, akaanza kumchunguza mikono.

Karatasi zilikuwa tisa, zote kwa Kiingereza. Violeth alizifungua moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho, penye alama za kalamu palipotakiwa saini. Noela alishika kalamu. Mbuke alimtazama tu binti yake, na binti akajua anatazamwa. Na pengine ili amalize ubishi wa wiki nzima, pengine amwonyeshe mama kwamba Abel ni mwongo, Noela alirudisha karatasi nyuma mpaka ukurasa wa sita.

Akasoma. Kidole chake kilishuka na maandishi, mstari kwa mstari, kikafika katikati ya ukurasa, kikasimama. Hapo palikuwa na maneno, kisha mstari mtupu, kisha maneno mengine. Kidole hakikuondoka.

Mbuke hakuhitaji kutafsiriwa. "Hapo pataandikwa nini?" aliuliza.

Violeth alisema ni mambo ya kiofisi, hujazwa makao makuu, wazazi wasihangaike nayo. Alilisema vizuri, kwa tabasamu, kama mtu aliyelisema mara nyingi.

"Mwanangu, mimi nakaa karashani," Mbuke alisema. "Kwetu sampuli ya mawe ikisagwa, inagawanywa mbele ya wote. Nusu mfuko wako, nusu mfuko wangu, inafungwa, tunasaini wote wawili juu yake. Siku ukija kuniambia mawe yangu hayana kitu, natoa nusu yangu tunakwenda nayo kupima. Sasa wewe unataka nikuachie sampuli yote, na mfuko haujafungwa."

"Huu ni ufadhili, mama. Siyo mawe."

"Nimesikia. Jaza hapo, kisha unipe yangu."

Charles alikohoa. Alisema, kwa upole wa mtu anayejizuia, kwamba picha inawasubiri na yeye ameacha baiskeli tano za watu nje ya kibanda. Akaongeza kwamba wenye pesa wakiona wazazi wa Shinyanga wana maneno mengi, mwakani watakwenda mkoa mwingine. Mpiga picha akacheka. Noela alikuwa ameinamisha uso, kama alivyofanya akiwa mdogo anapoaibika.

Violeth akatoka nje kupiga simu.

Alikaa nje muda mrefu. Kupitia dirishani Mbuke alimwona akitembea huku na huku juani, mkono mmoja sikioni, mwingine ukieleza, kisha ukikoma kueleza na kuning'inia tu. Alipoacha kumtazama yeye, akaanza kulitazama bango. Ndiyo kazi yake, kutazama vitu ambavyo watu wengine wameviweka ili vitazamwe haraka. Kulikuwa na picha nyingi, safu tatu, kila mwaka na watoto wake. Wote wamevaa sare za shule au nguo zao nzuri. Wote wameshika hundi ya karatasi ngumu. Alianza juu kushoto akaenda mpaka chini kulia, akarudia.

"Noela," alisema, "hawa wa miaka ya mwanzo wangekuwa wamemaliza?"

Noela alihesabu. Ndiyo, wa safu ya juu yote.

"Joho lao liko wapi?"

Noela aliinua uso. Zipora naye akageuka, na baba yake akageuka. Katika bango lote hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyevaa joho la kuhitimu. Mfuko ambao ungekuwa na wahitimu wake ungewaweka mbele kabisa, wakubwa kuliko wote. Hapa palikuwa na kuanza tu. Ada ya mwaka mmoja ilikuwa inanunua picha, na picha ndizo zilizobaki ukutani. Watoto wenyewe walikuwa karashani, kama Abel.

Violeth alirudi. Tabasamu lilikuwa limebaki nje. Alisema wamekubali kujaza, na namba ni tatu nukta nane. Kuhusu nakala, haijawahi kutolewa, lakini atatoa. Alisema hayo akitazama meza.

"Kwenye simu uliniambia nikifaulu tu," Noela alisema.

"Ndivyo nilivyoambiwa niwaambie."

Noela aliuliza swali moja. Aliuliza kama akipungukiwa kidogo mwaka wa kwanza, kwa mfano tatu nukta sita, watampa mwaka wa pili wa kujirekebisha, na kama hilo linaweza kuandikwa. Violeth alitikisa kichwa. Alikuwa ameshauliza, amekataliwa. Noela akauliza la pili, kwa sauti ndogo zaidi: kati ya wale wa safu ya juu, ni wangapi waliofika mwisho. Dada yule alisema yeye ana mwaka mmoja tu kwenye kazi hii. Alisema hajui. Mbuke, aliyekuwa akimchunguza mikono tangu asubuhi, aliona kwamba safari hii anasema kweli, na kwamba ndiyo mara ya kwanza naye amejiuliza.

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Noela. Mbuke alijua kwamba akisema neno moja, binti atalifuata au atalipinga, na kwa vyovyote litakuwa neno la mama, siyo la mwenye A tatu. Akaweka mikono yake mapajani, akakaa.

Noela alifikiri. Alimfikiria Abel, ambaye shule nzima ilisimuliwa akili yake kabla ya kusimuliwa pombe yake. Alifikiria mwaka wa pili bila ada, fomu ya mkopo ya mwaka wa kwanza imeshapita, begi mkononi, watu wakisema wanawake wa Dar wakati yeye mwenyewe ni mwanamke.

Aliiweka kalamu juu ya karatasi, kwa ustaarabu, ikielekea kwa Violeth.

"Ahsante dada. Mpeni anayefuata," alisema. "Ila mjazieni hapo kabla hajasaini."

Charles alisema huo ni wendawazimu. Alilisema mara mbili, ya pili polepole. Kisha akanyoosha mkono mezani, akamwomba Violeth amrudishie zile karatasi za Zipora aziangalie kidogo, ukurasa ule wa sita, alikuwa hajauona vizuri. Mpiga picha akazima kamera yake akaenda kuchukua soda.

Violeth aliwasindikiza mpaka mlangoni. Hapo, mgongo wake ukiwa umeelekea ukumbini, alisema dirisha la mkopo wa serikali linafungwa Jumatano, na kwamba barabara ya sokoni kuna duka la vifaa vya ofisi ambalo mtandao wake haukatiki.

Walilikuta duka hilo. Lilikuwa na kompyuta mbili, mashine ya kutolea nakala, na foleni ya vijana waliokuja kwa shida hiyo hiyo. Mkopo haukuwa zawadi. Ungelipwa kwa miaka mingi, na hakuna aliyejua Noela atapewa asilimia ngapi, au kama zitabaki gharama ambazo Mbuke atazilipa kwa vumbi la viroba vingine mia. Majibu yangetoka vyuo vikikaribia kufunguliwa. Noela aliingia kwenye fomu yake aliyoiacha njiani, akaikuta inamsubiri pale pale, akajaza mpaka ikamtaka mzazi akubali masharti na kusaini kama mdhamini. Mwenye duka akazitoa karatasi, akaweka kalamu juu yake, akasema, saini hapa mama, na hapa.

Mbuke aliichukua kalamu, akaishika, asiandike.

Wiki iliyotangulia Noela angeona aibu mbele ya foleni ile. Sasa alivuta kigoda, akaketi karibu na mama yake, bega kwa bega, akaanza kumsomea sharti la kwanza. Alilisoma lilivyo, kisha akalisema kwa Kisukuma, kwa sababu kuna mambo ambayo Mbuke huyasikia vizuri zaidi kwa lugha ya kwao. Mbuke akauliza swali. Noela akajibu. Akauliza lingine, na Noela akasema hilo sijui, tumuulize, wakamuuliza mwenye duka naye hakujua, akalazimika kumpigia mtu simu. Nyuma yao kijana mmoja alipumua kwa nguvu.

"Mayu," mwenye duka alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa heshima lakini amechoka, "watu wote wanasaini tu."

"Nimewaona," Mbuke akasema. Akamgeukia binti yake. "Soma la pili."